Diwani Aliyetaka Kura Yetu

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Si kwamba sijui. Miaka tisa ni mingi, na sisi Wakenya wa Irving, hapa Texas, tukikutana jambo la kwanza ni kuulizana kwenu wapi. Ila yeye mwenyewe hakulipenda swali hilo. Alisema ukishamuuliza mtu ni wa kwa nani, umemweka kwenye rafu yake, na kilichobaki ni kufunga kabati. Kwa hiyo nitamwita tulivyomwita sote, Diwani, ingawa udiwani wake ulikuwa wa kipindi kimoja tu, katika mji mmoja wa reli magharibi mwa Kenya, na ulikwisha zamani kabla hajapanda ndege ya kuja Texas.

Alikuwa Mhindi wa Kenya, na miongoni mwa Wahindi alikuwa Dalit, yaani wale ambao wenzao waliwaona najisi. Wazee wao walifagia, walichuna ngozi, walishona viatu, na mtu wa tabaka la juu hakutaka kuguswa nao wala kula nao. Neno lenyewe, aliniambia, maana yake ni waliopondwa. Alilitamka bila kujihurumia na bila majivuno, kama mtu anayekutajia kundi lake la damu.

Nilimjua kwanza akiwa mgonjwa wangu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na kampuni ya huduma za nyumbani niliyokuwa nikiifanyia kazi ikanituma kwa binti yake, kwenye apatimenti za karibu na uwanja wa ndege, nimsaidie kuoga na kubadilisha bandeji. Nikanawa mikono, nikavaa glavu, nikamkaribia. Akaurudisha mguu.

"Vua hizo," akasema.

"Ni sheria ya kazi, Mzee. Ni infection control."

"Sheria nimesoma kukuliko, Sista. Vua."

Aliniita Sista tangu dakika ile, kama wagonjwa wa Kenya wanavyomwita muuguzi yeyote. Nilikuwa nimeshazoea wagonjwa wa Texas wanaotaka mikono yangu ivae glavu mbili mbili, na mmoja aliyeomba aletewe mtu mwingine kabisa. Huyu alikuwa wa kwanza kunitaka mkono mtupu. Tukabishana robo saa nzima. Mwishowe akakubali glavu kwenye kidonda tu, na makubaliano hayo akayaandika nyuma ya bahasha, tukatia sahihi wote wawili.

Baadaye ndipo nilipopata habari kwamba hoja yake ya kwanza barazani, alipokuwa diwani, ilikuwa wafagiaji wa manispaa wapewe glavu na gambuti. Alipigana miezi mingi mpaka hoja ikapita. Gambuti zilipofika zilikuwa saizi tisa zote. Wafagiaji wenye miguu midogo walizijaza magazeti, na yeye alisema hapo ndipo alipojifunza kwamba kushinda hoja si kushinda ugomvi. Nilimuuliza inakuwaje aliyepigania glavu ndiye anayezikataa. Akasema glavu ni nzuri kwa anayezivaa, lakini anayeguswa nazo naye aulizwe.

Kuendesha gari hakujua. Alifeli mtihani wa leseni mara tatu, na mara zote tatu kwa sababu ya kubishana na mtahini. Mtu asiyeendesha gari huku kwetu ni mfungwa, kwa hiyo nilipokwisha kuwa muuguzi wake nikawa jirani yake, na nilipokuwa jirani yake nikawa gari lake. Siku ya kwanza alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akaweka mkoba magotini, akangoja.

"Diwani, mimi si dereva wako," nikamwambia. "Kuja mbele."

"Huku nyuma ndiko nimezoea."

"Basi zoea mbele."

Akaja mbele, lakini njia nzima alinielekeza pa kukata kona, katika mji ambao hakuujua hata kidogo. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alivaa suti kwenda kuchukua dawa za presha. Alipenda kuitwa Mheshimiwa na akajifanya kuchukia. Wahudumu wa mikahawa aliwaamrisha bila hata kuwatazama, jambo lililonikera, nikamwambia, akaona haya, na wiki iliyofuata akarudia.

Mkutano usio na kumbukumbu ulimtia homa. Kwenye sherehe ya mama mjamzito, kabla keki haijakatwa, aliuliza nani anaandika. Kwenye kikao cha matanga huko Fort Worth alisimama akasema akidi haijatimia, na mjane akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Watu walimtania, lakini barua ikitoka uhamiaji, simu ya kwanza ilipigwa kwake. Alikuwa na msemo wake: faili haina haraka, lakini haisahau. Mwingine aliuweka akiba kwa ajili ya watu wanaojisifu. Mtu akikuambia kwao hakuna ubaguzi, alisema, muulize nani anafagia.

Kabla ya siasa alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, ofisi ya ardhi, yule mtu wa chumba cha ndani ambaye bila muhuri wake kiwanja chako ni hadithi tu. Wahindi wenzake wenye maduka, ambao wasingemkaribisha sebuleni, walilazimika kubisha mlango wake. Mfanyabiashara mmoja alimwalika harusini kwa ajili ya muhuri huo huo, kisha akamwekea kiti nje ya hema, karibu na viatu vya wageni. Chakula aliletewa huko huko, kwenye sahani ya karatasi, wengine wote wakila kwa vyombo. Wiki iliyofuata yule bwana akaja na faili yake. Diwani akamwonyesha benchi. Yule bwana alilikalia benchi lile siku nne.

"Ilikuwa haki?" nilimuuliza.

"Haikuwa haki, Sista. Ilikuwa raha."

Faili ilikuwa safi, alikiri, na kazi yake ilikuwa ya dakika tano. Nilikisikia kisa hicho pengine mara kumi, na nilichogundua ni kwamba siku hazikuongezeka. Visa vya wazee huota pembe kadiri vinavyosimuliwa. Siku zake zilibaki nne, na benchi likabaki benchi. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Aliacha kazi ya serikali akiwa na miaka arobaini na kitu, akagombea. Aligombea mara nne, akashinda mara moja. Wahindi wa mji ule hawakumpa kura; kura zake zilitoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa manispaa na wa reli. Alisimama juu ya pikapu akasema kwa Kiswahili, mimi ni mtoto wa wafagiaji, nipeni ufagio niisafishe hii manispaa. Alipoigiza hotuba ile jikoni kwangu, na ile sauti yake ya kipaza sauti, wanangu walitoka vyumbani kutazama. Mdogo akamwambia, "You should run again," naye akafurahi siku nzima.

Lakini mbele ya Wahindi wa huku hakuisema. Binti yake alikuwa mhasibu katika ofisi moja ya Las Colinas. Alikuwa ameliacha jina la ukoo, kwa sababu wenzake wengi ofisini walitoka India na jina lile lingewatajia tabaka lake. Alimwomba baba yake anyamaze, naye akanyamaza. Jioni alitembea na wazee wa Kihindi wa pale kwenye apatimenti, wakizungumza kriketi na sukari ya damu, na walipomuuliza alikotoka alisema Nairobi, mji ambako hakuwahi kukaa hata mwezi mmoja. Nilimuuliza mbona anakubali, yeye aliyepiga kelele juu ya pikapu.

"Ni nyumba yake," akasema. "Mgeni hafungui madirisha ya watu."

Ilimuuma. Niliona ilivyomuuma. Mahali pekee alipoweza kujisema ni kwetu sisi Wakenya weusi, na ndiyo maana hakukosa harambee, mahafali wala matanga. Na ndiyo maana, alipokuwa na miaka sabini na minane, uenyekiti wa umoja wetu wa Wakenya wa Dallas na Fort Worth ulipobaki wazi, aliutaka kwa namna iliyonishtua. Haukuwa na mshahara wala gari. Kazi yake ni kugombana na wenye kumbi na kukumbusha watu kunawa sufuria. Lakini kuupata ni kuchaguliwa na watu wetu, na yeye alitaka tumchague. Akaniomba niwe mpendekezaji wake. Nikakubali.

Sasa niseme kitu ambacho sikumwambia wakati ule. Mama yangu alifanya kazi za nyumba kwa Wahindi, Kisumu, mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Alikuwa na kikombe chake cha bati na sahani yake ya bati, vikikaa chini ya sinki kando ya sabuni ya kufulia. Nilivijua kwa sababu likizo moja nilimtembelea, na mimi nikanywea kikombe hicho hicho baada yake. Kwa hiyo miaka yote Diwani akinisimulia ile sahani ya karatasi ya harusini, nilikuwa na swali mdomoni. Sikuliuliza. Nilimpenda mzee yule, na niliogopa jibu.

Uchaguzi ulikuwa Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa hapo Irving. Pilau ilikuwa kwenye trei za karatasi ya fedha, watoto wakikimbizana na kujibu wazazi wao kwa Kiingereza. Mpinzani wake alikuwa kijana mmoja muuza nyumba, mwenye tabasamu na kadi za biashara. Diwani aliposimama hakutaja hata ahadi moja. Alieleza habari ya harusi, viatu na sahani ya karatasi. Alieleza jinsi kura yake ya kwanza ilivyotoka kwa mfagiaji mmoja aliyetia dole gumba.

"Wahindi wenzangu walinikalisha na viatu," akasema. "Nyinyi ndio mlinipa kiti. Leo sina cha kuwapa. Naomba tu mniandike kwa orodha yenu."

Wakapiga makofi. Mama mmoja mbele yangu alijifuta macho na leso ya karatasi. Nikazungusha macho ukumbini nikaona amepita.

Kisha yakafika maswali. Akasimama mama mmoja kutoka Arlington, mtu mzima, amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza.

"Diwani, pole sana kwa yale umepitia," akasema. "Mimi nilifanyia Wahindi kazi miaka sita kabla nije huku. Swali langu ni moja tu. House girl wenu alikuwa anakulia sahani gani?"

Diwani akanitazama. Nilizijua njia zote za kutokea pale, na yeye alizijua kuniliko: jikoni palikuwa pa marehemu mkewe, zamani mambo yalikuwa hivyo, swali halimo kwenye ajenda. Nikatikisa kichwa kidogo, kumwambia asijibu. Ninajuta mpaka leo, kwa sababu sikukitikisa kwa ajili yake. Nilikitikisa ili mimi nisisikie.

"Ya bati," akasema. "Na kikombe cha bati. Zilikuwa zinakaa nje, kwa dirisha ya jikoni. Miaka kumi na moja."

"Na ulikuwa unajua hiyo maana yake ni nini?"

"Hakuna mtu kwa hiyo nyumba alijua kuniliko." Akashika ukingo wa meza. "Mama, nilikuwa nimepata mtu wa kuwa chini yangu. Nikaona ni vizuri."

Akamshukuru kwa swali, akaketi. Yule mama akasema asante kwa kusema ukweli, na kura ilipopigwa akamchagua kijana muuza nyumba. Wengi walifanya vivyo hivyo. Mimi niliinua mkono wangu kwa Diwani kama nilivyoahidi, na ulikuwa mzito.

Tukaingia barabara kuu. Hasira ilinipanda pale nikiwa nimeshika usukani.

"Mama yangu ni huyo," nikamwambia. "Hiyo sahani. Ni mama yangu."

"Nilidhani hivyo," akasema.

"Ulidhani aje?"

"Watu wote huniuliza kuhusu nyumba yangu, tulikula nini, nani alipika. Wewe miaka saba hujawahi."

Hakusema pole, na nashukuru, kwa maana angeisema ningemshusha kando ya barabara. Nilimfikisha mlangoni, nikangoja aingie, nikaenda zangu. Baada ya hapo nilimpeleka hospitali alipohitaji, lakini jikoni kwangu hakuja tena, na mimi sikumwita. Miezi michache baadaye binti yake akapata kazi Houston, wakahamia Katy, pembeni mwa mji huo. Tulibaki kutumiana salamu za Krismasi kwenye simu.

Mwaka huu mpwa wangu aliolewa Houston, nami nikashuka kwa gari. Asubuhi baada ya harusi nilikuwa Alief, mtaa mmoja wa Houston, ndani ya duka, nikichagua unga wa wimbi, Diwani aliponipigia. Alikuwa amesikia niko karibu. Alisema ana hati inayohitaji jicho la pili. Hakusema amenikumbuka, alisema hati. Nikaenda.

Katy nyumba zote ni mpya na zote zina rangi moja, nikapita ya kwao mara mbili. Binti yake akanifungulia, akanipeleka chumba cha chini walichompa kwa sababu ya ngazi. Diwani alikuwa amekonda. Sasa alitembea kwa kushikilia kigari cha kutembelea, suti ikimning'inia mabegani. Mezani palikuwa na faili ya kijani, rula, kalamu mbili.

Akaniambia alikuwa akimtafuta yule mfanyakazi wao wa sahani ya bati tangu ile Jumapili ya uchaguzi. Alipigia watoto wa wafagiaji wa zamani, akapigia mchungaji, akampata chifu msaidizi. Alimtafuta kwa jina walilomwita, Mary, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kila mtu akamjibu hakuna Mary aliyewahi kufanya kazi kwenu.

"Unajua mbona hakuwa anapatikana?" akaniuliza. "Mary ni yule alikuwa mbele yake. Huyu alipokuja, mke wangu akasema jina lake ni gumu, tumwite Mary tu, tumeshazoea. Na mimi nikamwita hivyo. Mimi, Sista. Nimewahi kurudisha mtu nyumbani kwa basi kwa sababu herufi moja haikufanana na kitambulisho."

Binti yake alikuwa bado mlangoni. Yeye ndiye aliyelelewa na mama huyo, na alilijua jina hilo moja tu. Baba yake alipompa lile la kweli, alituambia, alikaa kwenye ngazi akalirudia mpaka likamkaa mdomoni.

Mwishowe chifu msaidizi aliuliza wazee wa nyumba za manispaa, wakamwelekeza: mama mwenyewe yuko hai, karibu na Webuye, kwa mwanawe. Diwani alimpigia. Alikuwa ameandika kurasa mbili za kuomba msamaha, akaanza kuzisoma.

"Akanikatiza kwa mstari wa pili," akasema. "Akaniambia msamaha wacha kwanza. Mlinifukuza bila barua."

Nililielewa hilo kabla hajalieleza. Mfanyakazi wa nyumbani asiye na barua ya mwajiri alikuwa hapokelewi mahali pengine. Kila mama mwenye nyumba alijiuliza aliiba nini. Mama yangu aliitunza yake ndani ya Biblia. Huyu alikosa ya kutunza, akaishia kukata miwa. Sasa amepita miaka sabini na hana kazi ya kutafuta, lakini barua anaitaka, na anaitaka kwa Kiswahili ili wajukuu wamsomee.

Diwani akanisukumia karatasi, imeandikwa kwa mkono, herufi zikiyumba.

"Kwa yeyote anayehusika. Nathibitisha kwamba Bi. Tabitha Nekesa alifanya kazi nyumbani kwangu miaka kumi na moja, akipika, akifua, na kumlea binti yangu. Jina lake halikuwa Mary. Aliachishwa kazi bila kosa na bila barua, na kosa hilo ni langu. Alikuwa hodari na mwaminifu, na alikuwa kama mmoja wa familia yetu."

Nikaisoma mara mbili. Kisha nikaweka kidole kwenye maneno ya mwisho, yale ya familia, nikakiacha hapo.

"Hiyo ni lugha ya kawaida ya barua," akasema.

"Ndiyo. Ni ya kawaida."

Kisha akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, kama walivyofundishwa makarani wa zamani, ili kilichofutwa kiendelee kusomeka, na pembeni akatia herufi za mwanzo za jina lake. Juu ya mstari akaandika polepole: Hakuwahi kuketi mezani kwetu.

Nikamwambia niipeleke nikaichape upya kwenye kompyuta, itoke safi.

"Hapana, Sista," akasema. "Wacha aone kile nilikuwa nimeandika kwanza."